Miaka ya Kushika Miguu ya Watu

Nimeshika miguu ya watu kuliko fundi viatu yeyote wa Bagamoyo. Mke wangu husema kwamba katika wanawake wote niliowashika miguu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kubisha hodi kuniulizia, na hiyo kwake ni dalili kwamba sina mkono mzuri. Mimi nasema ni dalili ya kazi iliyofanywa kwa heshima. Hatujakubaliana mpaka leo, na kwa kuwa nimestaafu na nashinda nyumbani, tunao muda wa kutosha wa kuendelea kubishana.

Nyinyi vijana mliotoka vyuoni juzi mkapangiwa zahanati na vituo vya afya vya huku kwetu, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi. Sawa. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha vidonda. Sikuwa daktari, wala nesi wa vyeti vingi. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo marehemu baba aliyatazama, akayakunja, akaniuliza kama nimeshakula. Nikaingia kituoni kufagia, nikaishia kufunga vidonda, na hapo nikakaa mpaka nywele zikageuka rangi. Watu walinipandisha cheo wenyewe, wakaniita Dokta Kondo. Mara ya kwanza niliwakataza. Mara ya pili nikanyamaza. Baadaye nikawa nikiitwa Kondo peke yake naangalia nyuma, nadhani anaitwa mwingine.

Jambo moja zaidi juu yangu, halafu tuingie kazini. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wakitoka kazini walikwenda barazani kucheza bao. Mimi nilikwenda uani kwangu, nikatandika mkeka, basi. Mke wangu ananiita mwali, kwa kuwa mwali wa kwetu huwekwa ndani asionekane na watu. Tofauti yangu na mwali, anasema, ni kwamba mwali ipo siku hutolewa nje kwa ngoma.

Sasa kazi. Nilipoanza, vidonda vilikuwa na adabu. Kidonda kilikuja na kelele zake. Mvuvi kachomwa na mwiba wa samaki taa, mkulima wa Kiwangwa kajikata panga katika shamba la mananasi, mtoto kamwagikiwa uji wa moto. Mtu analia, wewe unasafisha, anakutukana mpaka babu yako, unafunga. Baada ya siku chache anarudi, nyama imeota, matusi yamekwisha, kakushikia nanasi. Nimekula mananasi mimi! Kama malipo ya uzeeni yangekuwa mananasi, leo ningekuwa tajiri.

Aliyenifundisha ni Mama Mhina, nesi mtu mzima kutoka Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. Wakati ule gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, haikuja imekatwa na kutiwa kwenye vipakiti kama mnavyoiona nyinyi. Tulipewa jora, tukakata, tukakunja kwa mkono, tukaipanga kwenye debe la chuma na kuipika kwa mvuke. Bandeji zilifuliwa na kuanikwa nyuma ya kituo kama nguo za mtoto mchanga. Siku yangu ya kwanza nilikunja rundo zima, ncha zenye nyuzi zimetazama nje. Nilijiona hodari. Mama Mhina akalikunjua rundo lote mbele yangu, moja moja, bila hasira.

"Kondo," akasema, "uzi huu utabaki ndani ya nyama ya mtu. Mtu huyo atarudi. Na akirudi, sitamwita daktari. Nitakuita wewe."

Nikakunja upya. Mpaka leo nikikunja shuka nyumbani naficha ncha kwa ndani, na mke wangu anadhani ni unadhifu.

Mama Mhina huyohuyo ndiye aliyenifundisha kukagua kiatu kabla sijagusa mguu. Nilidhani ananitania, kama wanavyomtuma mgeni kazini akalete kitu ambacho hakipo. Kisha akaja mzee mmoja wa Kiwangwa, anacheka, anasalimia kila mtu, anachechemea kidogo tu. Chini ya unyayo alikuwa na shimo ambalo mtu mwingine angeletwa nalo kwa kubebwa. Mama Mhina hakuuangalia mguu. Aliokota katambuga lake la tairi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha msumari uliochomoza kwa ndani. Mzee alikuwa ametembea nao kutoka shamba mpaka stendi, na kabla ya hapo Mungu ndiye anayejua tangu lini.

"Baba, hukusikia maumivu?"

"Maumivu ya nini?" mzee akauliza, kwa dhati kabisa.

Mama Mhina akanigeukia. "Mpeleke akapimwe sukari."

Hapo ndipo nilipojifunza kukiogopa kidonda kisichouma. Kinachouma kina mtu wa kukilalamikia. Kisichouma kinafanya kazi yake kimyakimya, na mwenyewe anaendelea kuwachekesha watu kwenye foleni.

Siku zile wenye kisukari tuliwajua kwa majina. Tuliuita ugonjwa wa wakubwa, tukimaanisha watu wenye gari na tumbo la mbele. Polepole siku ya kliniki yao ikapata benchi lake. Benchi likajaa, wakahamia barazani. Baraza likajaa, tukafunga turubai nje. Na waliokaa chini ya turubai hawakuwa na gari wala tumbo. Walikuwa wavuvi, wakaanga samaki, mwalimu wa madrasa, mama wa shamba la mihogo, vijana wa bodaboda wenye umri wa mwanangu wa mwisho. Wataalamu wana maelezo yao na mimi siyapingi. Mimi naona tu kwamba chai ya siku hizi ukisimamisha kijiko kinasimama, na kutoka kwangu mpaka msikitini, mahali ambapo baba yangu alitembea akisoma uradi, watu wanapanda bodaboda. Msiniulize kama na mimi hupanda. Tunazungumzia watu.

Mimi niliuona ugonjwa huu ukikua kwa kuangalia kabati la gozi. Mtoto aliyejikata na chupa anataka gozi ya siku chache, kwaheri. Mguu wa sukari unakuja kama mgeni wa Idi aliyebeba na godoro lake: unakula gozi, unakula dawa, unakula zamu za manesi, na hauagi. Kabati lililokuwa likitosha msimu mzima likawa halifiki mwisho wa mwezi, na yule mtoto wa chupa akija anaambiwa mama yake akanunue gozi dukani. Nyumbani kwa mgonjwa nako ni vilevile. Bima, kwa aliyenayo, inalipa inachokilipa. Haimlipi bodaboda, haimlipi binti aliyeacha genge lake ili amsindikize mama, wala haileti samaki ambao baba hakwenda kuwavua siku hiyo kwa sababu amekaa na mkewe kwenye benchi letu.

Na hapo ndipo ninapomfikia Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mkaanga samaki wa Mlingotini, na ni shemeji yangu wa mbali upande wa mke wangu, kwa hiyo utani baina yetu ni halali. Ana ulimi ambao ungeweza kupara samaki magamba. Mumewe, Mzee Shomari, ni mvuvi mpole asiyesema sana. Nadhani aligundua mapema kwamba nafasi ya kusema nyumbani kwake imeshachukuliwa. Wana boti moja yenye mashine, na kwa mashine hiyo wanakula wao, watoto wao wawili wa kiume, na wake za hao watoto.

Alivyoumia ni hivi. Alikuwa jikoni anakaanga, kaa la moto likamdondokea kati ya vidole vya mguu. Hakulisikia. Alichosikia ni harufu ya kitu kinachoungua, akadhani ni samaki, akamgeuza samaki. Alinisimulia mwenyewe huku anacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaufungua mguu, nikaacha kucheka.

Alikuwa tayari anatumia insulini, sindano anajichoma mwenyewe. Lakini sukari yake haikushuka, na sukari ikiwa juu kidonda hakiponi, hata ungekifunga kwa hariri. Daktari wa kliniki yetu alikuwa Dokta Neema, binti kutoka milimani kule kaskazini, mwema, mchapakazi, na amechoka kama walivyochoka wote wenye foleni inayoishia barabarani. Kila siku ya kliniki nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Bibi, shikamoo. Jana ulikula nini?"

"Marahaba. Muhogo wa kuchemsha na mchicha."

"Na chai?"

"Kavu. Haina sukari, haina andazi, haina hata furaha."

"Bibi yangu, kipimo hakisemi uongo."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayesema?"

Kalamu inaandika, na kipimo cha dawa kinaongezwa. Safari iliyofuata kikaongezwa tena. Nyumbani nako wakweze walianza kuificha sukari juu ya kabati, na wajukuu wakageuzwa wapelelezi. Hata Mzee Shomari, mtu mpole yule, alionekana akichungulia ndani ya hotipoti. Bi Mwanaidi akaacha kwenda kwenye shughuli za watu, maana kila akishika sahani macho yanamfuata. Na mimi, fundi wa utani, nilikuwa namtania: "Shemeji, mandazi ya Mlingotini yanakuita kwa jina, eti?" Mwanzoni alinirudishia jibu la kunikata. Baadaye akawa ananitazama tu. Mtu wa ulimi ule akikutazama tu, jua kuna kitu kimeharibika.

Kidole kimoja kikawa cheusi. Walikikata kwenye hospitali kubwa, wakaturudishia mguu tuuhudumie, na wakasema wazi: sukari isiposhuka, safari ijayo ni Dar, na huko watakata kuanzia chini ya goti. Mzee Shomari akaja peke yake chumbani kwangu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Kondo, nimepata mnunuzi wa mashine. Anakuja Jumamosi."

"Utavulia nini?"

"Kasia lipo." Akatazama mikono yake. "Dar si mguu tu. Ni kulala, ni kula, ni dawa, ni mtu wa kukaa naye. Nitapata wapi?"

Nilipomwambia Bi Mwanaidi kwamba mumewe anampenda kiasi hicho, alinijibu bila utani hata chembe. "Mwambie asiuze. Mguu ni wangu, mashine ni ya watoto. Wakate, nitakaa nikaange samaki. Samaki hukaangwa mtu ameketi."

Baada ya hapo hakuja tena kufunga kidonda. Dokta Neema akanijia.

"Mzee Kondo, Bi Mwanaidi haonekani."

"Nauli, labda."

"Huwezi kumfuata?"

"Mimi?"

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aende Uchina. Lakini keshokutwa ilikuwa Jumamosi. Nikafunga vifaa vyangu, nikapanda nyuma ya kijana wa bodaboda, nikamshika kiuno kama ndugu yangu wa kunyonya ziwa moja, nikafumba macho. Nikayafumbua Mlingotini, kijana ananiuliza kama nasali au naumwa.

Nilimkuta Bi Mwanaidi uani, mguu juu ya mto. Nikapiga hodi, tukasalimiana, nikakaa mbele ya mguu. Hapa sikilizeni, maana hili ni la kazi. Bandeji iliyogandamana na kidonda msiivute. Iloweshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, piga soga, subiri iachie yenyewe. Ukivuta unang'oa nyama changa iliyohangaika kuota. Kisha nusa kabla hujatazama, pua haichelewi. Halafu tazama rangi. Tunataka nyekundu ya tikiti lililoiva. Ya kwake ilikuwa ya samaki wa juzi. Nikasafisha bila kusema, na yeye akasoma uso wangu.

"Usinifiche, shemeji."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nasema usinifiche. Wewe kusema ndiyo kazi yako."

Ikawa saa ya chakula, na kabla ya kula ilibidi ajichome sindano. "Baba Juma, nipe dawa yangu," akamwambia mumewe.

Mzee Shomari akaliendea sanduku kubwa la samaki lililokuwa kivulini, akafunua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko katikati ya barafu na samaki changu, akapapasa, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko, kopo. Ndani ya kopo, kichupa cha insulini.

"Hapa ndipo penye baridi kuliko pote Mlingotini," akaniambia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona meno yake. "Umeme ukikatika wenye mafriji wanahangaika, sisi hatuna habari. Barafu nabadilisha kila ikifika kutoka mjini, na naipiga chumvi ili iume zaidi."

Bi Mwanaidi akakipokea kichupa, akakitia kwapani, akatulia. "Subiri iyeyuke," akasema, kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Na mimi, Dokta Kondo wenu, mtu wa miaka yote ile kazini, nilifanya nini? Nikasifu! "Mashaallah," nikasema. "Hivi ndivyo dawa inavyotunzwa! Wanaokusema hawajaona." Nilisisimka kiasi cha kutoa simu nimpigie Dokta Neema palepale, ajue ni mgonjwa mtiifu wa namna gani anayemgombeza. Nikaweka sauti kubwa ili mwenyewe ajisikie akisifiwa.

"Dokta, niko kwa Bi Mwanaidi. Huyu mama anaitunza dawa kuliko sisi wa kituoni. Anaiweka kwenye barafu ya samaki mpaka inaganda!"

Simu ikanyamaza. Nikaitikisa, nikidhani mtandao.

"Mzee Kondo, umesema inaganda?"

"Kama jiwe! Hapa yuko anaiyeyusha kwapani."

"Mwambie asijichome." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Insulini ikishaganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Anajichoma maji tu. Bibi, unanisikia? Umeanza lini kuiweka humo?"

Bi Mwanaidi akainama kwenye simu, akajibu polepole, neno kwa neno. "Tangu siku mliyonipa. Si mliniambia niiweke penye baridi?"

Tulimwambia. Dokta alimwambia, nesi alimwambia, mimi mwenyewe nilimkumbusha nikimfunga kidonda: mahali pa baridi, shemeji, usisahau. Na mtu wa Mlingotini ukimwambia baridi, anajua baridi moja tu, ile inayomfikisha samaki sokoni macho yake bado yanang'aa. Nyumba nzima ilihangaika kutii. Sisi tukakaa tukiuliza habari za mandazi.

"Kwa hiyo," Bi Mwanaidi akasema, kichupa bado kiko kwapani, "mimi mandazi sikula."

"Hukula, shemeji."

"Sema kwa sauti. Wale wa jikoni hawajasikia."

Nikasimama, mtu mzima na mvi zangu, nikaelekeza mdomo jikoni kama muadhini: "Bi Mwanaidi hakula mandazi! Wala sukari! Hakula!"

Huko jikoni mwiko ulidondoka. Mkwewe mkubwa akatokea mlangoni, mikono ina unga, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaja kupiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Bi Mwanaidi akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Tulimwacha. Mzee Shomari alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la samaki, kichwa chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa naipiga chumvi," akasema.

"Ulitumwa," mkewe akamjibu kutoka ndani ya kanga. "Na uliipiga vizuri."

Jumamosi ilipofika mnunuzi alikuja, akaambiwa mashine haiuzwi kwanza. Alinuna, akaondoka. Lile neno "kwanza" lilikuwa la Mzee Shomari mwenyewe, kwa kuwa hatukuwa na hakika bado. Dawa mpya ikitolewa, haitolewi kwa kipimo kile cha juu kilichopandishwa wakati anajichoma maji. Hapa nanyi mkae macho: dawa nzima kwa kipimo kile ingemwangusha chini siku hiyohiyo. Dokta Neema alimlaza kituoni, akaanza upya, kidogokidogo, anampima mara kwa mara. Alipomruhusu, hakumwambia tena baridi. Alichora kwenye karatasi chungu kidogo chenye dawa ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa maji katikati, kitambaa kibichi juu, pembeni ya nyumba pasipopigwa na jua. Kisha akamwambia Mzee Shomari amrudishie maelezo yote kwa maneno yake mwenyewe. Mzee Shomari, ambaye hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo tangu siku ya nikahi yake, aliyasema yote.

Sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikakaa kikitufikiria kwa muda mrefu, maana vidonda hivi havina haraka, kisha siku moja nikalowesha bandeji, nikanusa, sikusikia kitu, nikatazama, nikaona tikiti. Sikuamini. Nikamwita nesi wa zamu aje atazame na yeye. Bi Mwanaidi akauliza kama tunakusudia kulikata tutie kwenye sahani. Alikuwa amerudi.

Kidole kimekwenda na hakirudi. Mguu upo. Mashine ipo. Lakini wajukuu zangu, hebu wazeni vichupa vyote vilivyopita kwenye lile sanduku. Wengine walikuwa wamepanga foleni wapate dawa ileile, wakaambiwa imekwisha. Wazeni gozi, nauli, sindano, kitanda cha hospitali, siku za baba na watoto wake kutokwenda baharini. Vyote hivyo vilitoka mifukoni mwa watu na kabatini mwetu, kwa sababu tulikuwa tunajua kuuliza anakula nini na hatukujua kuuliza dawa inalala wapi. Nyinyi mna mashine za kisasa, na simu zenu zinajua kila kitu. Waulizeni pia watu. Na ukiweza, nenda ukaone mwenyewe. Hata mimi mwali nilitoka nje.

Siku ya kliniki iliyofuata ile ya tikiti, na aibu yetu ni kwamba wengine tulikuwa bado hatujawauliza, Bi Mwanaidi alikuja kwa miguu yake, fimbo mkononi kwa ajili ya madaha tu. Dokta Neema alitoka chumbani kumpokea, akamshika mikono yote miwili, akaanza kusema anaomba radhi. Bi Mwanaidi akamkatiza.

"Rudi ndani, mwanangu, una watu wengi. Mimi nitakaa hapa na wenzangu."

Akaketi katikati ya benchi, chini ya turubai, akawasalimia wote kwa zamu, akauliza habari za nyumbani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza bei ya nazi:

"Jamani, nyinyi mnaochoma sindano, dawa zenu mnaziweka wapi?"

Kijana mmoja akasema yake iko dukani kwa jirani, kwenye jokofu la barafu za watoto. Mama wa Kiwangwa akasema yeye ameinunulia nafasi kwenye friza la muuza kuku. Mwalimu mstaafu aliyevaa miwani akajibu kwa fahari kwamba yake iko kwenye friji lake, kule juu kabisa panapogandisha barafu, kwa kuwa ndipo penye baridi ya uhakika.

"Na huganda?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Vizuri sana," mwalimu akasema.

Basi akawasimulia. Hakuacha kitu: kaa la moto, samaki aliyemgeuza, chumvi ya mumewe, kichupa kwapani, mimi na adhana yangu ya mandazi. Walicheka mpaka turubai likatikisika. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kutazamana. Kijana akasimama kwanza. Mama wa Kiwangwa akafuata, anafunga kanga yake vizuri. Mwalimu alijikohoza, akaangalia saa, akasema amekumbuka jambo dogo nyumbani. Na waliobaki nao wakatoka mmoja mmoja.

Dokta Neema alipotoka kuita mgonjwa anayefuata, alimkuta Bi Mwanaidi peke yake, fimbo amelaza mapajani, na mimi nimesimama kwenye mlango wa chumba changu.

"Wagonjwa wangu wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda kuzitoa dawa kwenye barafu, wazilete uwabadilishie," Bi Mwanaidi akasema, akagonga benchi tupu pembeni yake. "Kaa kidogo, mwanangu, upumzike. Wakirudi utakuwa na kazi."